Mtu Aliyebeba Meli

Changamwe, usiku wa kuamkia safari yako

Mwanangu Dama,

Sina haja ya kukuuliza hali, maana nakusikia ukijigeuza kitandani chumba cha pili, na wewe huenda wasikia kalamu yangu ikikwaruza. Mamako ameshakwambia ya maji kuchemshwa, ya blanketi, ya kutonunua vyakula dirishani gari moshi likisimama njiani. Ameyasema hayo mpaka kuku wameyajua, kwa hiyo mimi nayaacha. Nina jambo langu moja, na nimeshindwa kulisema tukitazamana.

Nakuonea wivu.

Basi, limeandikika. Najua wazee wenzangu huona fahari mtoto akiwapita. Fahari ninayo, usidhani sina. Lakini wivu ulifika kwanza, na mpaka leo haujaondoka, na sitaki upande gari moshi kesho ukidhani kwamba zile wiki nilizokuwa nikikununia nilikuwa naogopa baridi ya Uganda.

Wajua kazi yangu. Ujana wangu wote nilimchukulia makopo ya rangi Mgoa mmoja mzee aliyekuwa akiandika mabango ya maduka kule kisiwani, mpaka siku aliponipa brashi na rula akaniambia, "Andika A." Niliiandika A ile asubuhi nzima. Kuanzia hapo, kutoka Makupa mpaka Mikindani, duka likifunguliwa huitwa mimi. Duka la Nguo. Fundi Baiskeli. Hapana Mkopo. Nikitembea njiani nilikuwa najisoma mwenyewe. Vita vilipokuja, ofisi ya habari ikanipa kazi ya kuandika matangazo: watu wazime taa, watu walime muhogo, vijana waingie jeshini. Nikayaandika kwa herufi zilizosimama wima kama askari, na watu wakayapita kama wanavyopita nguzo za simu. Sikuona ajabu. Nilidhani ndivyo maandishi yanavyoishi ukutani.

Vita vikaisha, nikabaki na rundo la karatasi zile nyuma ya kabati. Nawe ukaja nyumbani shule unayofundisha ilipofungwa, ukazikuta.

"Baba, haya makaratasi ya vita wayataka bado?"

"Ya nini tena? Hitla amekwisha kufa."

"Basi nachukua mimi."

"Chukua."

Nilidhani wawachukulia watoto wako wa darasa la kwanza, wapate mahali pa kuchorea. Sikuuliza. Siku hizo mazungumzo yote yalikuwa ya mgomo. Hamisi jirani yetu alikuwa akirudi kutoka bandarini jioni, anakaa barazani kwetu bila hata kuvua shati lake la jasho, anasema mshahara wa kuli haumfikishi mtu mwisho wa mwezi, na chumba cha kulala watu wawili walala watu tisa. Nakumbuka alikuomba uwaandikie maneno ya kubandika ukutani. Nawe ukamjibu, "Wangapi kati yenu wasoma?" Akajikuna kidevu. Ukasema, "Basi sitaandika. Nitachora."

Nililisikia jambo hilo, nikalipuuza.

Kulipokucha siku moja nilikuwa naenda njia panda ya stesheni, nina bango la kinyozi la kumalizia. Nikakuta watu wamejaa mbele ya ukuta wa ghala la mbata za nazi. Nikapenya. Pale ukutani palikuwa na karatasi kubwa, na kwenye karatasi mtu ameinama, amebeba meli mgongoni. Meli nzima, na dohani lake likitoa moshi, na juu ya sitaha watu wadogo wadogo wa kofia wanakunywa chai. Uso wa yule mtu hauonekani. Waonekana ukosi wake, umekakamaa, na vidole vya miguu vimeng'ang'ania ardhi. Amechorwa kwa makaa, na bahari kwa buluu ya kufulia. Hapakuwa na neno hata moja.

"Huyo ni mimi," Hamisi akasema. "Wallahi, shingo hiyo ni yangu."

"Shingo yako wapi? Wewe una shingo?" mwenzake akamjibu. "Hiyo ni ya Mutua. Mtazameni Mutua akiinama."

Wakamwinamisha Mutua wa watu, Mkamba wa gatini, wakampima na picha. Kicheko kikatoka, lakini hakikudumu, maana mmoja aliyekuwa nyuma akasema, polepole, "Ni sisi sote." Halafu akaomba kipande cha kaa kwa mama wa mahamri, akachora mtoto anayening'inia kwenye mguu wa yule mtu. Akasema, "Meli yangu mimi ina watoto." Mwingine akachora sufuria. Mwingine baiskeli isiyo na gurudumu. Mmoja akachora kitu ambacho hakuna aliyekijua, akaapa kwamba ni mkwewe.

Mimi nikaona uchungu kwa niaba ya mchoraji. Nikasema moyoni, wanamharibia kazi! Ndipo upepo ukainua pembe ya chini ya karatasi, nikaona nyuma yake herufi Z, na I, na M. Zima Taa. Mkono wangu.

Nikajua ni wewe.

Dama, nimeandika ukutani tangu kabla hujazaliwa. Hajapata kutokea mtu akaitazama herufi yangu akasema, huyo ni mimi.

Niliporudi nyumbani ulikuwa waosha makaa mikononi. Ukaniuliza kama nimepita njia panda. Nikasema nimepita. Ukaniuliza kama nimeona. Nikakujibu, "Nimeona watu wamejaa. Sikuwa na nafasi ya kutazama." Ukaendelea kuosha mikono iliyokwisha kutakata zamani.

Nikaamua kutengeneza bango langu. Nilijiambia nawasaidia wagomaji, na labda kweli, kidogo. Nilimwomba mamako gundi, akasema unga wa muhogo umekwisha, hali naliona sufuria la gundi alilokupikia wewe. Nikapika yangu, ikaungua chini, nyumba ikanuka. Nikaandika TWATAKA HAKI YETU, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, na mstari wa dhahabu pembeni niliokuwa nimeuweka kwa ajili ya mteja mwenye heshima. Sijapata kuandika vizuri kuliko siku ile. Nikalibandika kando ya lako, juu kidogo. Juu kidogo, ndiyo. Nikaenda kukaa ng'ambo kwa muuza kahawa, nikasubiri.

Watu wakaja. Wakalitazama bango langu, wakarudi nyuma.

"Serikali yasema nini tena?" akauliza mama wa mahamri.

"Itakuwa kodi," akajibu mwenzake. "Maandishi mazuri namna hii hayaji na jambo la heri."

Mzee mmoja akavua kofia mbele yake. Kisha Hamisi akafika, yeye aliyejifunza kusoma ukubwani, akaweka kidole kwenye ukuta akasoma kipande kipande: "Twa-ta-ka. Ha-ki. Ye-tu." Halafu akawageukia wenziwe, macho yamemtoka. "Mwasikia? Serikali nayo yataka haki yake! Haya yote waliyotuchukulia hayajawatosha!"

Akalishika bango langu kwa mikono miwili, akalibandua, akalipasua katikati. Watu wakampigia makofi. Hamisi huyu huyu anayekula kwetu sikukuu. Nikaacha kahawa yangu nusu, nikapita njia ya nyuma.

Wakati huo sikucheka. Nimeanza kucheka juzi juzi tu, tena nikiwa peke yangu. Kwa hiyo ukimwandikia Hamisi, usimwambie.

Kisha mgomo ukaanza kweli, na wakumbuka ule ukimya. Winchi za bandari ya Kilindini zilinyamaza hata sisi wa bara, ng'ambo ya maji, tukausikia ukimya wao, na barabara ya Makupa ikawa ya mbwa na baiskeli moja moja. Picha zako zikawa kila mahali. Askari wakawa wanazibandua asubuhi, na mchana zimerudi. Na kwa kuwa kila waliyoibandua ilikuwa na tangazo la vita nyuma yake, na kwa kuwa Changamwe nzima yaujua mkono ulioandika matangazo yale, hawakutumia akili nyingi kunifikia mimi.

Wewe ulikuwepo waliponichukua. Ulikuwa umesimama mlangoni nyuma ya mamako, naye alikuwa amekushika kifundo cha mkono kwa nguvu, na niliona mdomo wako ukifunguka useme. Nikakutazama. Namshukuru Mungu uliufunga. Lakini yaliyotokea kituoni hujapata kuyasikia, maana nilikwambia waliniuliza wakaniacha.

Alikuwapo afisa wa Kizungu, kijana, anasema Kiswahili cha bara, na sajini amesimama mlangoni. Afisa akaweka picha yako mezani.

"Hii karatasi ni yako?"

"Maandishi ya nyuma ni yangu, bwana."

"Na picha ya mbele?"

Nilikuogopea, mwanangu. Jua hilo kabla ya yote. Nilifikiri habari ya jela, na ya wewe kufukuzwa ualimu, na ya mamako. Lakini nyuma ya hofu palikuwa na kitu kingine. Palikuwa na mtu mzima aliyekaa mbele yangu akiniuliza, kwa uso usio na mzaha, kama ni mimi niliyechora picha ile. Nikasema, "Ni mimi." Nikaona kifua kimenipanuka. Kwa muda ule mfupi mtu aliyebeba meli alikuwa wangu.

"Vizuri," afisa akasema. Akanipa chaki, akanionyesha ubao uliokuwa nyuma yake. "Chora tena."

Nikaanza na meli. Meli ikatoka imenyooka, hata wewe ungeisifu. Kisha nikafika kwa mtu. Dama, sikujua kwamba mtu ni mgumu hivyo. Mgongo ulitoka kama ubao. Miguu ilitoka kama miguu ya meza, minne au miwili sijui, maana nilifuta nikarudia. Sajini alicheka mpaka akajishika kwenye mlango. Akasema, "Bwana, huyu hata mbuzi hawezi."

Afisa hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alitazama ubao, akatazama picha yako, akanitazama mimi. "Wewe una rula mkononi hata ukiwa huna," akasema. "Aliyechora hii ana macho. Ni nani?"

"Karatasi zile nilizitupa, bwana. Jalalani, nyuma ya soko. Yeyote aweza kuokota."

Aliniweka pale mpaka jua likapunguka, akarudia swali lile lile, nami nikarudia jalala lile lile. Mwisho akaniambia niende.

Ulinikimbilia njiani. "Baba, wamekupiga?"

"Hawakunipiga."

"Mbona walia?"

Sikuwa najua kama nalia. Mamako alinitazama vizuri, akasema, "Hawakumpiga. Kuna jambo wamemwambia." Akakutuma dukani, akaniwekea maji ya kuoga, hakuuliza. Mamako ni mtu mkubwa kuliko anavyoonekana.

Mgomo ukaisha kwa ahadi, watu wakarudi kazini, ukuta wa ghala ukapakwa chokaa. Halafu akaja Bibi Mwalimu aliyekufundisha zamani, kutoka Rabai, ametokwa jasho, akakaa barazani akatwambia amekutafutia nafasi katika chuo cha Uganda, ufundishwe kuchora kwa elimu kamili, na kwamba yataka idhini ya baba. Akanigeukia akitabasamu. "Kipaji hiki lazima kimetoka kwako, Charo."

Kabla sijajibu ukasema wewe, "Ndiyo, nimekipata kwa baba."

Ulitaka kuniheshimu. Ni uongo mwema kuliko wote niliopata kuambiwa, na niliuchukia. Nikasema nitafikiri. Na baada ya hapo ndipo yakaja yale yote: Uganda mbali, wewe mtoto wa kike, mamako ana kifua, watu watasemaje. Mamako akawa ananitengea chakula anaondoka. Nawe ukawa waamka, wafagia, wanyamaza. Nami nilijua kabisa kwamba neno moja langu ndilo lililokufunga, na kwamba chuo hakingekungoja. Kila asubuhi nilikuwa nakusudia kulisema, na kila jioni nakumbuka ile chaki.

Siku moja napita njia panda nikakuta makuli wanne wanangoja lori la kuwapeleka gatini. Mmoja alikuwa anachora kwenye chokaa mpya. Alikuwa anamchora mtu wako. Vibaya, Dama! Kichwa dafu, meli kitanda. Na wenziwe wamekaa chini wanamtazama wala hawana habari.

"Nani kakufundisha kuchora?" nikamwuliza.

"Hakuna. Kwani yataka kufundishwa?"

"Ziko nyingi," mwenzake akaniambia. "Port Reitz iko kwa kinyozi. Mikindani wameichora mlango wa choo."

Yule mchoraji akaniangalia. "Wewe si ndiye fundi wa mabango? Haya, nimalizie miguu. Mimi miguu imenishinda." Akanipa kaa.

Nilitaka kumwambia nina haraka. Lakini walikuwa wanne, wote wanasubiri, na lori halijafika. Nikachuchumaa nikachora miguu. Ikatoka ile ile, wima, haina goti. Nikangoja kicheko. Kuli akainama karibu, akaitazama kwa muda.

"Ndiyo," akasema. "Jioni yangu huwa hivi hivi. Haikunjiki."

"Weka na magoti, yamevimba," mwingine akasema. Nikaweka. "Makubwa zaidi." Nikaongeza. Wa tatu akainua suruali yake kunionyesha lake, nikalichora kama lilivyo, au karibu. Lori likaja wakarukia nyuma, na mmoja akanipungia mkono kama tunaojuana miaka. Nikabaki pale nimeshika kaa mpaka mwenye ghala akatoka kunifukuza. Mimi, fundi, nafukuzwa ukutani!

Sitakudanganya kwamba wivu uliniisha hapo. Ulihama tu. Zamani niliuonea wivu mkono wako. Tangu siku ile nawaza zaidi lile jambo ulilolifanya bila hata kulifikiri: uliibandika picha ukaondoka, ukawaachia. Waongeze wakwe zao, waikosee, waipeleke chooni Mikindani. Mimi mtu akigusa bango langu kabla halijakauka namtukana. Miaka yote nimekuwa nikiweka ukutani vitu visivyotaka mkono wa mtu mwingine.

Jioni ile nilikwambia umwandikie Bibi Mwalimu kwamba nimekubali. Uliniuliza, "Kwa nini leo, baba?" Nikasema sijui nini, nadhani nilisema habari za nauli ya gari moshi. Sasa umejua.

Nina maneno mawili, kisha ulale. Huko watakufundisha rangi za bei, na picha zitatundikwa katika chumba chenye mlango, na watu wataingia wamevaa viatu. Jifunze yote. Lakini zingine zipeleke njiani, kwenye ukuta ambao mtu aliyetoka kazini aweza kuufikia na kipande chake cha kaa, na usijaze karatasi mpaka pembeni. Waachie nafasi. Hata yule wa mkwe.

La pili. Utakutana huko na mtu ambaye mkono wake umeupita wako. Utausikia wivu hapa chini ya mbavu. Mimi nilisema sina nafasi ya kutazama, na nimekutesa, na nimejitesa. Wewe simama utazame. Mwulize amefanyaje. Wala usidhani nakupa dawa ambayo mimi nimeinywa ikaniponya. Juzi tu, ulipomchora mamako amesinzia na ungo mapajani, nilitoka nje nikasema naangalia kuku. Kuku walikuwa wamekwisha fungiwa. Nimeitazama picha ile leo, mlipokwenda kuaga kanisani. Nimekaa nayo kitako. Ni yeye, Dama. Ni yeye kabisa, hata ule mdomo anaoufanya akiwa amekasirika usingizini. Miaka yote naishi naye sikuwa nimeuona.

Kesho gari litasimama Changamwe muda mdogo tu, kwa hiyo sanduku nitalibeba mimi. Nimeliandika jina leo mchana. Kushoto DAMA, kulia CHARO. Mara ya kwanza nililifanya langu urefu sawa na lako. Nikakaa nikalitazama. Nikalifuta kwa mafuta ya taa, nikaliandika tena, dogo zaidi. Si dogo sana.

Rangi ya jina langu bado mbichi. Asubuhi ukitaka kulisogeza sanduku, lishike upande wa jina lako.

Mimi babako,
Charo